Jumatano Haikuwamo

Minza,

Salamu tumeshapeana mezani, kwa hiyo hapa sizirudii. Mama yako ameshakuambia ya nguo, ya akiba, na ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi. Sina la kuongeza. Huko sebuleni bado mnabishana juu ya sufuria: yeye anataka uibebe, wewe unasema shangazi yako ana sufuria za kutosha. Mimi nimekuja chumbani kwa kisingizio cha kutafuta dawa ya mgongo. Mgongo hauniumi. Nimekuja kukuandikia jambo ambalo nimeshindwa kulisema tangu msimu wa mvua.

Nianze na lenyewe, nisije nikazunguka mbuyu kama kawaida yangu. Kesho unakwenda Katoro kukaa kwenye duka la shangazi yako kwa sababu unaamini hukujaliwa namba. Nyumba nzima inaamini hivyo, na wewe mwenyewe umeshaanza kulifanyia utani. Si kweli. Siku ile ofisini ulikuwa sahihi na mimi nilikuwa nimekosea, na nililijua hilo kabla jua halijazama. Nikakuacha uamini kinyume chake. Hiyo ndiyo barua yenyewe. Yanayofuata ni maelezo tu, na sitaki uyachukue kama utetezi.

Unajua nilikozaliwa, nje ya uzio wa mgodi wa almasi wa Mwadui. Ndani walikaa wenye vyeti, nje tulikaa sisi wengine, na babu yako aliingia asubuhi kufyeka majani na kutoka jioni. Sikuwahi kusikia akilalamika. Lakini mimi nilikua nikiutazama ule uzio, nikajiapiza kwamba siku moja nitakaa upande wa watu wanaokaa kwenye kiti. Nilichopata ni cheti cha utunzaji stoo. Kwa cheti hicho nikaingia kwenye shirika, na kwa miaka mingi nikafanya kazi huku nikingoja mtu afungue mlango aniulize nafanya nini pale.

Kisha ikaja ile programu ya ripoti. Vijana wenye shahada waliiogopa, au waliiona ni usumbufu. Mimi nikajifunza peke yangu kwa video za simu, kwa bando nililonunua kwa pesa ambayo mama yako alidhani ni ya sukari. Tulikunywa chai chungu mwezi mzima, na wewe ukanuna. Nilipofanikiwa kutengeneza dashibodi, ule ukurasa mmoja wa chati zote, rangi zikawaka kwenye skrini, Bi Prisca meneja wetu akasimama kuitazama. Tangu siku hiyo ofisini wakaanza kuniita Profesa. Nilikuwa nikicheka kama mtu anayekataa, lakini nilipenda sana. Muulize mama yako mashati yalivyoanza kupigwa pasi kila siku.

Nakuambia haya ili uelewe kwamba mtu aliyekipata kiti kwa shida hukikalia kwa wasiwasi. Anamwona kila anayesogea karibu kuwa amekuja kumwinua. Hata mwanawe.

Kwa faida ya mama yako, ambaye naye ataisoma barua hii, nieleze kazi yenyewe ilivyo. Shirika letu linapeleka chakula cha lishe, zile pakiti za karanga na maziwa, kwenye zahanati za vijiji vya kuzunguka Segese, ambako wazazi wengi wanaishi kwa uchimbaji na watoto wanakonda. Wahudumu wa afya wanampima mtoto, wanamwingiza kwenye kishikwambi, na taarifa inakuja ofisini ikiwa na tarehe na saa. Mimi naipa programu tarehe mbili, ya kuanzia na ya kuishia, nayo inajumlisha pakiti za watoto wote walioingizwa kati ya hizo tarehe. Jumla hiyo ndiyo anayopewa Masanja, dereva wetu, Alhamisi asubuhi. Ikiwa ndogo, gari linaondoka na katoni chache. Hakuna anayehesabu tena baada yangu.

Wiki yetu niliipanga mwenyewe ianze Alhamisi na kuishia Jumatano, na nilijisifia kwa hilo kwenye vikao. Wageni walidhani ni kichekesho. Lakini wewe unajua Jumatano kule ni siku ya gulio. Mama anayeponda mawe machimboni hapotezi siku nzima kwenda kupima mtoto. Anangoja gulio, anauza karanga zake, ananunua dagaa, na anaporudi ndipo anapitia zahanati na mtoto mgongoni. Jumatano foleni inafika barabarani. Nikasema wiki lazima ifungwe na siku hiyo, ili gari la Alhamisi liwakute watoto wote wameshahesabiwa. Wazo lilikuwa zuri, na ndilo lililonifunga macho.

Zamani, enzi za fomu za karatasi, tarehe zilikuja tupu bila saa, na jumla ilitoka sawa. Vishikwambi vilipoanza, kila taarifa ikaja na saa yake. Sikurudi kuitazama fomula. Ukiiandikia programu tarehe ya mwisho bila saa, inaihesabu kuwa ni saa sita usiku, pale siku inapoanza. Chochote kilichoingia baada ya hapo, iwe asubuhi, iwe mchana, kinabaki nje. Kwa hiyo Jumatano ilikuwa imeandikwa kwenye skrini kwa herufi kubwa, na hata mtoto mmoja wa Jumatano hakuwamo. Wala hawakuingia wiki iliyofuata, maana hiyo ilianza Alhamisi. Programu ilifanya nilichoiambia. Na ikawa hivyo wiki baada ya wiki, na mimi nimevaa shati lililopigwa pasi.

Wewe ulikuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo. Wiki ile Bi Prisca alikutuma uende na wahudumu siku ya gulio ukasaidie kupima. Ulirudi jioni umejaa vumbi mpaka kwenye kope, mikono inauma, ukatusimulia watoto waliokulilia na mmoja aliyekukojolea. Tulicheka sana siku hiyo. Asubuhi yake ndipo kilikuwa kikao cha Alhamisi, na kulikuwa na wageni wa wafadhili. Nikaonyesha jumla ya wiki. Wewe ulikuwa umekaa nyuma karibu na dirisha, ukaanza kuwatafuta kwenye skrini watoto uliowashika kwa mikono yako. Hukuwaona.

"Baba, samahani," ulisema, "naona kama Jumatano haimo."

Nilikuwa nimekuomba ofisini uniite Afisa, ukasahau. Hilo neno Baba mbele ya wageni lilinichoma kuliko hata uliyoyasema. Masikio yaliniwaka moto. Nikakujibu bila kuitazama skrini:

"Tarehe ya mwisho imeandikwa hapo mbele yako. Huko chuoni ulisomea nini?"

Mtu mmoja akacheka, wengine wakamfuata. Ningeishia hapo ingekuwa kosa la kawaida la mzazi mwenye hasira. Lakini kicheko kilinipa nguvu, nikaongeza:

"Namba zina watu wake, Minza. Tafuta unachokiweza."

Uliiangalia mikono yako, ukaificha chini ya meza. Bi Prisca akasema tuendelee, tukaendelea. Masanja akapakia katoni kwa jumla ile ile, akaondoka.

Mchana walipokwenda kula nikabaki. Sijui kilichonibakisha, labda ni ile mikono. Nikaivuta Jumatano peke yake, kuanzia mwanzo wa siku hadi mwisho. Watoto wakamwagika kwenye skrini, zahanati moja baada ya nyingine, wengi kuliko siku nyingine zote za wiki. Nikairudisha jumla ya wiki: haikuwa na hata mmoja wao. Nikaelewa papo hapo. Nikaiambia programu ichukue kila kilichoingia kabla Alhamisi haijaanza, na jumla ikaruka. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko kuchemsha chai.

Jambo la kwanza nililofanya baada ya kujua, Minza, nilitazama mlango kama kuna mtu ananiona. Sikuwaza watoto, wala sikukuwaza wewe. La pili, nilishika simu nimpigie Masanja arudi kuongeza katoni, maana alikuwa bado anazunguka vijijini. Nikaiweka chini. Angeniuliza kwa nini, na sikuwa na jibu lisilonitaja mimi. Gari likamaliza mzunguko wake na upungufu ule ule.

Jioni nikaenda kwa Bi Prisca nikamwambia jumla imeongezeka kwa sababu zahanati zimechelewa kutuma taarifa. Ni mtu wa Ushirombo, mwamini, anayedhani kila mtu anasali anavyosali yeye. Akanishukuru kwa umakini. Kisha akawaandikia wahudumu onyo kali, wale wale waliokuwa wanasimama kwenye foleni mpaka giza liingie. Kwa hiyo uwongo wangu ulikwenda mpaka kijijini ukamkaripia mtu asiyehusika.

Na wewe. Ulipoiona jumla mpya ukaja mezani kwangu, ukauliza kwa upole imebadilikaje. Nikakuambia data zilichelewa kuingia. Nikakuambia, sasa umeona, kidogo utuharibie ripoti mbele ya wafadhili. Nilikuwa nakutazama usoni wakati nikisema. Ukafikiri kidogo, kisha ukasema, "Nisamehe, Baba."

Nikakuitikia, "Haya, yameisha."

Katika mambo yote niliyofanya duniani, na nimefanya mengi ambayo mama yako anayajua na machache asiyoyajua, hakuna ninaloona aibu nalo kama hayo maneno mawili. Mwanangu aliniomba msamaha kwa kuona sawasawa, na mimi nikaupokea. Nilijua hutabisha. Mama yako amekulea usimbishie mkubwa, na mimi nikajificha nyuma ya malezi hayo. Mtoto mwenye adabu pungufu kidogo tu angerudi kwenye kompyuta kuhakikisha. Wewe uliniamini kwa sababu mimi ni baba yako.

Ulimaliza mafunzo kimyakimya. Ulipohitimu, ile kampuni ya Geita ikakupigia simu uende kwenye usaili wa kazi ya takwimu. Nilikuwa nimekaa hapo barazani nikimenya muhogo. Ukawajibu vizuri, ukakata simu, ukamwambia mama yako, "Wampe mwenye macho. Namba zina watu wake." Ulilisema kwa kicheko. Kisu kikaniteleza, nikajidai ni muhogo mgumu. Mama yako alinifuata akaniomba niongee nawe, kwamba mtoto ana cheti chake na anakitupa. Nikamjibu kwamba mtoto mkubwa aachwe achague mwenyewe. Alinisifu kwa hekima hiyo. Mama Minza, na wewe nakuomba radhi hapa hapa. Haikuwa hekima, nilikuwa naogopa ukimsukuma sana atauliza swali.

Mwezi uliopita nilikwenda na Masanja siku ya gulio. Nilijiambia naenda kukagua vishikwambi. Nikasimama kando ya foleni. Mama mmoja mdogo, labda rika lako, alikuwa amembeba mtoto amevalishwa sweta joto lote lile. Aliniamkia kwa Kisukuma, nikamwuliza huduma ikoje. Akasema zamani walikuwa wakifika wanaambiwa zimekwisha, rudini wiki ijayo, na wiki ijayo nayo zimekwisha. Siku hizi zinatosha. Halafu akapiga magoti kidogo akaniambia, "Wabeja, baba." Alinishukuru, Minza. Na mimi nikaitikia, kama nilivyokuitikia wewe. Sikumwuliza habari za wale walioambiwa warudi wiki ijayo wakachoka kurudi. Niliogopa jibu, na mpaka leo sijaliuliza.

Nikadhani nitaizoea aibu hii kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Kumbe mguu ndio unaoharibika. Wiki hii, mama yako alipoanza kukununulia mabegi, nikashindwa kula. Mlidhani ni huzuni ya wewe kuondoka. Juzi nikaenda kwa Bi Prisca, nikafunga mlango, nikamweleza yote: fomula, simu niliyoiweka chini, onyo walilopewa wahudumu bure. Nilitegemea atafoka. Alizungusha pete yake kidoleni, kisha akauliza swali moja.

"Minza anajua?"

Nikasema bado.

"Basi umeanza nyuma, Baba Minza. Rudi nyumbani kwanza."

Sijui ataniamulia nini. Amesema lazima waandikie wafadhili, na ana haki. Huenda nikarudishwa stoo. Nilitoka huko na njia naikumbuka. Jumatano nitakwenda kwa wahudumu niwaambie wenyewe kwa mdomo wangu kwamba hawakuchelewesha kitu. Na safari hii nitawauliza habari za waliochoka kurudi, niambiwe nitakaloambiwa. Hilo si la kunisifia. Ni deni lililolala muda mrefu mno.

Sasa sikiliza, maana nakujua. Utataka kuniambia "Basi Baba, hata mimi nakosea." Usiniambie hivyo haraka. Utakosea, ndiyo, ukifanya kazi hizi tarehe zitakupiga chenga, na wakati mwingine itakuwa siku ya kwanza badala ya ya mwisho. Kosa la fomula lilikuwa la kurekebishika. Mimi nimeshindwa na kitu kingine kabisa, na ningekudanganya nikikuambia nimeshakishinda. Hata leo nimeanza barua hii na kuichana, kwa sababu katika ile ya kwanza niliandika kwamba "kulitokea kutoelewana". Kutoelewana! Wewe ulielewa vizuri kabisa.

Sikuandikii ili usiende Katoro. Shangazi yako amesomesha watoto kwa duka lile, na ukilipenda, kaa nalo uzeeke nalo. Mimi sina tena mdomo wa kukuchagulia. Nataka tu unapochagua uchague ukijua kwamba una macho. Uliingia kwenye chumba chenye watu wazima waliotazama skrini moja wiki nyingi, na wewe peke yako ukakumbuka kwamba siku ile kulikuwa na watoto. Hawakukufundisha hilo chuoni, na si mimi niliyekufundisha.

Kosa nililifanya mbele ya watu, na barua inayosomwa kwa siri ndani ya basi ingenifaa mimi zaidi kuliko wewe. Kwa hiyo sitaiweka kwenye begi. Masanja amejitolea kukupeleka stendi, na nimemwomba Bi Prisca apitie hapa nyumbani Nyasubi asubuhi. Amekubali. Nitasema mbele yao kabla mzigo haujapakiwa, nisikie mwenyewe jinsi maneno haya yanavyotoka kinywani mwangu.

Lakini kabla yao, wewe. Asubuhi ukitoka chumbani, usinipe shikamoo. Pokea kwanza karatasi hizi, kaa hapo mezani uzisome mpaka mwisho. Chai ikipoa ipoe. Sitaondoka, na sitajidai nina kazi uani. Ukimaliza, nitazame. Ukiona shikamoo yangu bado ipo, nipe, nitaitikia. Ukiona haipo, nyanyuka ukapande gari, mwanangu, na asiwepo mtu wa kukuambia umekosa adabu.

Baba yako